Bia ya Bwana Gramu

Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa mkaguzi wa mizani. Aliingia madukani na mabuchani na mkoba wake wa mawe ya shaba, akaweka jiwe la kilo kwenye mizani ya mwenye duka, akatazama mshale unasimama wapi. Akikuta mizani inapunja, hata kama ni kwa unywele, aliifunga kwa lakiri na kwenda zake bila kupandisha sauti. Wauza nyama wakambandika jina la Bwana Gramu. Mwanzoni walimwita hivyo kwa kumsengenya, baadaye wakamwita hivyo usoni, na mwishowe hata mke wake akalizoea. Yeye mwenyewe alilipenda. Alikuwa akijigamba kwamba hajazaliwa mtu wa kumpunja yeye.

Akastaafu. Wiki mbili za kwanza alirekebisha kila kitu ndani ya nyumba: bawaba, bomba linalovuja, saa ya ukutani iliyokuwa nyuma kwa dakika nne. Vya kurekebisha vilipokwisha, akakaa. Kulikuwa na kiti cha plastiki kwenye ujia kati ya sebule na jikoni, nacho ndicho alichokalia, akitazama ukuta. Mke wake alikuwa muuguzi wa zahanati na bado alikuwa kazini. Akiondoka asubuhi anamwacha pale, akirudi alasiri anamkuta palepale, na chakula alichomfunikia hakijaguswa. Ikafika mahali kuoga ni mpaka abembelezwe. Hali hiyo ilidumu miezi mitatu.

Aliyemtoa kwenye kile kiti ni shemeji yake, mdogo wa mkewe, dereva wa lori katika kiwanda kidogo cha bia. Siku moja alikuja na mfuko wa kimea cha shayiri, pakiti za hamira na za maua makavu ya hopsi, yale yanayoipa bia uchungu wake, pamoja na kreti mbili za chupa tupu na boksi la vizibo vyeupe. Akavitua mezani, akasema kwamba kuna watu wanajipikia bia nyumbani, si ya kuuza, kwa kujifurahisha tu, na kwamba kazi yenyewe inataka mtu anayejua kupima. Neno hilo la mwisho ndilo lililofanya kazi. Bwana Gramu aliinuka kwenda kuuliza kupima nini.

Kuanzia siku ile stoo ndogo nyuma ya jikoni ikawa yake. Aliipaka chokaa, akapigilia rafu, akatundika kipimajoto kwenye msumari. Alinunua daftari la jalada gumu na kulichorea mistari kwa rula. Maji nyuzi sitini na sita, kimea kilowekwe ndani ya mfuko wa kitambaa saa nzima, kikamuliwe, maji yake matamu yachemshwe na hopsi, sufuria ipozwe ndani ya beseni la maji baridi, kisha hamira, kisha ndoo yenye mfuniko. Kila hatua ikikamilika aliiwekea alama ya vema. Ndoo ikiwa inachacha aliifunua kila asubuhi, akachota kidogo, akapima, akaandika, akafunika. Baada ya wiki mbili alijaza chupa, akazipiga vizibo na kuzifungia kabatini wiki tatu zipate kukomaa.

Siku ya kujaza chupa za kwanza aliilamba kidogo, uso ukamkunjamana. Ilikuwa chachu, na harufu yake ilikuwa ya kitambaa cha kuoshea vyombo kilichosahauliwa ndani ya maji. Hakumwambia mtu. Wiki tatu zilipotimia akafungua chupa ya kwanza mbele ya mkewe na shemeji yake, akamimina. Ikatoka safi, rangi ya asali, na povu limesimama. Shemeji alipiga funda, akafumba macho, akasema hata kiwandani kwao hawafiki hapo. Mkewe alikunywa, akacheka, akaongeza. Bwana Gramu alipoonja mwenyewe hakuamini ulimi wake. Jioni ile aliandika kwenye daftari kwa herufi kubwa: CHUPA NDIYO INAYOIKOMAZA.

Miaka miwili ikapita hivyo, na mapishi kumi na sita. Alinenepa, akarudia kunyoa kila siku, akawa anapiga mluzi. Alhamisi asubuhi alikwenda kwenye mkutano wa wastaafu, na hata huko habari yake ilikuwa ni hamira na nyuzi joto tu. Wageni hawakuondoka bila kuonjeshwa. Binti yao, fundi cherehani, alimshonea aproni yenye mfuko wa kipimajoto. Na kila aliyeonja alisifu, naye akawa mtu wa kusifiwa. Kilemba kilimkaa vizuri kichwani, wala hakupata kushika kitambaa chake aone kama ni ukoka.

Mtu mmoja tu aliomba kufundishwa. Alikuwa jirani yao, mwalimu wa hesabu, mama wa makamo aliyeishi peke yake nyumba ya tatu kutoka kwao. Alikuja na daftari lake mwenyewe, akauliza maswali ya maana, akanakili kila kitu, hadi ile kanuni ya kuifunua ndoo na kupima kila asubuhi. Bia yake ya kwanza ikatoka mbaya. Ya pili nayo hivyohivyo. Ya tatu aliileta siku ya Jumapili, nyumba ina wageni, akaiweka mezani kwa haya na kusema hajui anakosea wapi, maana kila kitu alikifanya kama alivyoelekezwa. Bwana Gramu alinusa glasi, akaisukuma mbali kwa kidole.

"Mwalimu," alisema, sauti ikiwafikia wote, "kama ni hesabu hizi unazowafundisha watoto wa watu, basi wana kazi."

Wageni wakacheka. Mkewe aliinuka ghafla kwenda jikoni, na shemeji akawa anakitazama kiatu chake. Mwalimu alitabasamu vile mtu anavyotabasamu akitafuta mlango, akaichukua chupa yake, akaaga. Hakurudi tena kujifunza.

Mambo yalifumuka mwezi wa pili baada ya hapo, na yalifumukia kwenye jokofu. Bwana Gramu alikuwa akitafuta barafu, akainua mfuko wa nyama, na chini yake akaona pakiti ya hopsi, nzima, haijafunguliwa. Alisimama na mlango wa jokofu wazi. Zile zilikuwa hopsi za pishi la kumi na sita, lililokuwa kabatini tayari tangu siku nne nyuma. Akaenda kutazama daftari. Kwenye mstari wa hopsi kulikuwa na alama ya vema, kwa mkono wake mwenyewe. Alikuwa ameiweka kwa mazoea bila kutia kitu.

Aliona aibu, yeye wa kuweka vema kwenye kazi ambayo haikufanyika! Aliamua kunyamaza, wiki tatu ziishe, aionje peke yake hiyo bia isiyo na uchungu, kisha aimwage na kuandika ukweli. Siku ikafika. Mkewe alikuwa zahanati. Akafungua chupa moja, akamimina, akanywa.

Ilikuwa chungu. Uchungu uleule, mzuri, unaokaa nyuma ya ulimi.

Alifungua ya pili, kisha ya tatu. Zote sawa. Bwana Gramu akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, palepale stooni, mchana kweupe. Kimea hakina ule uchungu, wala hamira. Chupa haiumbi ua la hopsi.

Lakini yeye hakuwahi kuifunga mizani ya mtu kwa kudhani tu. Alipika pishi la kumi na saba kama kawaida, kwa vema zote, na safari hii kila vema aliitamka kwa sauti. Alipojaza chupa, moja aliificha ndani ya buti lake la zamani la kazini, chini ya kitanda. Nyingine ishirini na tatu zikaingia kabatini. Akaenda mikutano yake ya Alhamisi, akarudi, akapiga mluzi kwa kujilazimisha. Wiki tatu zile alimtazama mkewe akichana nywele, akichambua mchele, akimuuliza kama amekunywa dawa yake ya presha, na akajikuta anaomba awe amekosea yeye.

Jumapili mchana, shemeji alipokuja kula, Bwana Gramu aliweka glasi mbili mezani zikiwa zimejaa. Moja ilikuwa safi, rangi ya asali. Nyingine ilikuwa na ukungu kama maji ya kuoshea mchele, na povu lake lilikuwa limekufa. Harufu yake ilitangulia kuwafikia.

"Onjeni," alisema.

Shemeji alinusa ile ya ukungu na rangi ikamtoka. Akairudisha chini taratibu. Mkewe hakugusa yoyote. Alizitazama zote mbili, kisha akamtazama mumewe, na hapo hapakuwa na haja tena ya mtu kuuliza.

"Ni mimi," alisema mkewe. "Yeye nilimwomba tu."

Wakamweleza, wakipokezana. Wiki ya kwanza kabisa, shemeji alifungua chupa moja kwa siri ili ajue mambo yamekwendaje, akaitema kwenye sinki. Dada yake akaionja naye. Alhamisi iliyofuata, mumewe akiwa kwenye mkutano, shemeji alisimamisha lori mlangoni, akashusha kreti mbili kutoka kiwandani, chupa zilezile na vizibo vilevile vyeupe, zilizotolewa kwenye mashine kabla ya kubandikwa karatasi. Zile za kabatini walizimwaga kwenye mfereji wa nyuma ya bafu. Walikuwa wamekubaliana iwe mara moja tu, apate moyo. Lakini aliposifiwa akapika tena, na ya pili ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza, na hapo wakawa wameshanasa.

"Mara ngapi?" aliuliza Bwana Gramu.

Shemeji alimtazama dada yake.

"Nauliza mara ngapi."

"Zote," alisema mkewe.

Alikumbuka ule mfereji. Mwaka mzima alilalamikia harufu yake, akagombana na mzibuaji, akamwita mvivu, akamwaga chokaa humo kwa mikono yake. Akauliza nani mwingine anajua. Binti alijua. Aproni ile, yenye mfuko wa kipimajoto, aliishona huku anajua.

"Miaka miwili," alisema, "mmenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Nimewasimulia wastaafu wenzangu. Nimemwandikia ndugu yangu barua ya kurasa tatu jinsi ya kupika bia. Na bia yangu sijawahi kuinywa."

"Ulikaa kwenye kile kiti miezi mitatu," alisema mkewe. Sauti yake ilikuwa ya zahanati, ile ya chini anayowazungumzia watu wenye maumivu. "Nilikuwa nakwenda kazini sijui nikirudi nitakukuta vipi. Mimi nimewaona wanaume wanaokaa vile, nimewaona wanavyoishia. Halafu umepata kitu, umeanza kupiga mluzi. Ningefanyaje, baba? Nikuache uionje ile, urudi kitini?"

"Ungeniambia ni mbaya."

"Ungerudi kitini."

"Labda ningerudi. Labda ningepika nyingine. Hatutajua, maana hukuniachia."

"Nilikuwa nakuponya."

"Mgonjwa huambiwa ugonjwa wake," alisema. "Wewe ndiwe uliyenifundisha hilo."

Shemeji alianza kuomba radhi. Bwana Gramu alimwambia ale, chakula kinapoa, akatoka nje na chupa yake ya butini mkononi.

Hakuwa na pa kwenda. Alizunguka mtaa, akapita mbele ya kinyozi, akapita mbele ya duka la vifaa vya ujenzi ambalo mizani yake ya misumari aliwahi kuifunga mara mbili. Watu walimsalimu, Bwana Gramu, Bwana Gramu, naye kila aliyemsalimu alimtazama akijiuliza kama huyu naye anajua. Uchungu wa kufichwa ulikuwa mmoja, ila kulikuwa na mwingine chini yake uliomkata maini zaidi. Mwalimu. Mtu pekee aliyefuata maelekezo yake kwa uaminifu, akaipata bia ambayo maelekezo yale yanaitoa, akaileta mezani bila kuficha, yeye ndiye aliyechekwa. Na mkewe aliinuka akaenda jikoni, akamwacha achekwe.

Akagonga mlango wa nyumba ya tatu. Mwalimu alifungua akiwa na kalamu nyekundu sikioni. Bwana Gramu akamnyooshea chupa.

"Hii ndiyo bia yangu," alisema. "Ya kweli. Onja."

Mwalimu alimtazama, akachukua chupa, akamimina kidogo kwenye kikombe, akaonja. Uso ukamkunjamana, kisha ukafunguka polepole, kama mtu aliyeambiwa jibu la hesabu aliyohangaika nayo mwaka mzima.

"Ni kama yangu," alisema.

"Ni yako. Hukukosea popote. Niliyekosea ni mimi, na nikakuaibisha mbele za watu. Nimekuja kukuomba radhi."

Alimsimulia yote akiwa bado amesimama mlangoni. Mwalimu hakucheka, wala hakumfariji. Alisema tu kwamba yale maneno ya Jumapili ile yalimuuma sana, kwamba kwa wiki nzima alipoingia darasani alihisi watoto wanamtazama mikono akiandika ubaoni, na kwamba radhi ameisikia ila atahitaji muda nayo. Bwana Gramu akasema ni haki yake. Akageuka kuondoka.

"Ngoja," alisema mwalimu. "Mimi sikuacha kupika."

Alikuwa amerudia mara mbili peke yake. Ya nne ikaharibika kama tatu za mwanzo. Ya tano aliipika, akatia hamira, akafunika, na kesho yake akaitwa kwenda kumuuguza dada yake. Alikaa huko siku kumi na sita. Hakuna aliyeifunua ndoo, hakuna aliyepima. Aliporudi aliijaza kwenye chupa basi tu, kwa kuwa alichukia kumwaga kimea. Akamletea glasi. Haikuwa safi kama ile ya kiwandani, na ilikuwa nyepesi mno, lakini haikuwa na uchachu wala ile harufu ya kitambaa.

"Niliiacha," alisema mwalimu. "Hilo tu ndilo nililolibadilisha. Ule upimaji wa kila siku ndio unaoiua. Kila ukifunua unaingiza uchafu."

Bwana Gramu aliishika glasi ile kwa mikono miwili. Jambo dogo namna hiyo. Kama mtu mmoja angetema mbele yake siku ile ya kwanza, angelitafuta kosa usiku na mchana, na angelipata ndani ya miezi miwili. Walimwibia nafasi ya kushindwa, na ndani ya kushindwa kule ndiko jibu lilikokuwa limekaa likimngoja. Alilia kidogo. Mwalimu alikwenda kusahihisha madaftari chumba cha pili mpaka mgeni wake amalize.

Nyumbani walikuwa wanazungumza, lakini kwa yale ya lazima: chumvi, umeme, dawa ya presha. Binti alikuja akamwangukia babake magotini, naye akamwinua, akamwambia yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha. Shemeji akawa anapitisha lori barabara nyingine. Watu walioalikwa walipouliza bia iko wapi, Bwana Gramu aliwaambia kwa utulivu kwamba hajawahi kupika bia inayonyweka, wakadhani anatania.

Kiti kile cha plastiki hakukirudia. Alikipita kila siku akienda nyumba ya tatu, maana mwalimu alimkubalia wapike pamoja kwenye ukumbi wake wa nyuma, kwa sharti kwamba ndoo ikishafungwa hakuna kuigusa. Lilikuwa sharti gumu kwake kuliko lolote. Alizoea kuja, akaketi karibu na ndoo, akasikiliza mapovu yanavyopenya kwenye mpira mwembamba wa kutolea hewa mfunikoni, mikono kaikunja kwapani. Pishi lao la kwanza lilitoka kama maji. Mwalimu alimwambia hivyohivyo, "Ni kama maji," na Bwana Gramu alijikuta anatabasamu kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Wakaongeza kimea. La pili lilizidi utamu. La tatu walilinywa wote wawili, wakatazamana, wakamimina tena.

Chupa moja ya pishi hilo aliileta nyumbani. Ilikuwa alasiri, mkewe ndiyo kwanza amerudi zahanati na bado hajavua viatu. Hakumwambia imetoka wapi. Alifungua, akamimina, akaiweka mbele yake na kuketi upande wa pili wa meza.

Mkewe alielewa. Aliishika glasi muda mrefu kabla ya kuinywa, kisha akapiga funda moja, akalikalisha mdomoni, akameza.

"Nzuri," alisema.

Bwana Gramu alimtazama macho, mdomo, mikono iliyoshika glasi. Alimjua mwanamke huyu kwa miaka thelathini na minne. Alitafuta kitu usoni mwake, dalili yoyote, ya huku au ya kule, na hakuiona. Ulikuwa uso uleule uliosema nzuri mara kumi na sita.

"Huniamini," alisema mkewe.

"Sijui."

"Ni nzuri kweli, baba. Naapa."

"Najua ni nzuri," alisema. "Nimeionja mwenyewe. Nilichotaka kujua ni kama nikikusikia nitaamini."

Mkewe alishusha glasi. Machozi yalimtiririka bila sauti, naye hakuyafuta. Bwana Gramu aliinuka, akaleta glasi nyingine kutoka kabatini, akajimiminia iliyobaki. Wakaendelea kukaa pale, kila mmoja na yake, mpaka alipomuuliza siku yake ilikuwaje huko zahanati, na mkewe akaanza kumweleza.